Amplifaya na sabufa mbili: Hesabu za kufanya kabla ya kununua

WENYE magari wengi nchini, na hasa wamiliki wa matatu, huona fahari kubwa muziki unapotikisa viti na vioo. Kwa sababu hiyo, maduka ya vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi hayakosi wateja wanaotaka kufungiwa sabufa mbili nyuma ya gari na amplifaya ya kuziendesha.

Tatizo ni kwamba furaha hiyo mara nyingi haidumu. Baada ya majuma machache sauti huanza kukwaruza, amplifaya hujizima yenyewe kila baada ya nyimbo mbili tatu, au harufu ya kuungua husikika kutoka kwenye buti. Mwenye gari hurudi dukani akiwa amefura kwa hasira, akidai kwamba ameuziwa bidhaa bandia.

Ni kweli kwamba bidhaa bandia zipo. Hata hivyo, mara nyingi amplifaya ilikuwa nzima, na sabufa zilikuwa nzima pia. Kilichokosekana ni kuvioanisha. Ni sawa na kumfunga punda mmoja mkokoteni wa ng'ombe wawili: si kosa la punda wala la mkokoteni.

Kuoanisha vifaa hivi hakuhitaji shahada ya uhandisi. Kunahitaji kujibu maswali matatu kwa utaratibu huu: sabufa zikiunganishwa zitakuwa na ukinzani wa omu ngapi? Amplifaya inaweza kutoa wati ngapi za kudumu kwa omu hizo? Na je, gari lina umeme wa kutosha kuilisha? Wanunuzi wengi huanza na swali la wati, tena wakiangalia nambari kubwa iliyoandikwa kwenye katoni. Hapo ndipo hasara huanzia.

Omu ni nini?

Sabufa ni spika kubwa iliyoundwa kutoa sauti nzito za chini, yaani besi. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyo karibu na sumaku. Umeme kutoka kwa amplifaya unapopita katika koili hiyo, koili husogea mbele na nyuma, na kuisukuma ngozi ya spika ambayo nayo husukuma hewa.

Koili huuzuia umeme kwa kiasi fulani. Kizuizi hicho ndicho kinachoitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu, jina lililotokana na Mjerumani Georg Ohm aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo umeme mwingi zaidi unavyopita.

Fikiria pampu ya maji na mifereji. Ukifungua mfereji mmoja, pampu hufanya kazi ya kadiri. Ukifungua mifereji miwili kwa pamoja, maji mengi zaidi hutoka na pampu hulazimika kufanya kazi zaidi. Ukizidi kufungua mifereji bila kujali uwezo wa pampu, pampu itapata joto na hatimaye kuungua. Amplifaya ndiyo pampu, na sabufa ndizo mifereji.

Ndiyo maana kila amplifaya huwa na kiwango cha chini cha omu inachoweza kustahimili. Ipo inayoweza kufika omu 4 tu, ipo inayofika omu 2, na ipo inayofika omu 1. Kiwango hicho huandikwa katika kijitabu chake au kando ya mahali pa kufungia nyaya za spika. Ukishuka chini yake, amplifaya yenye kinga itajizima. Isiyo na kinga itaungua.

Njia mbili za kuunganisha

Kuna njia mbili za kuunganisha sabufa mbili. Ya kwanza ni sambamba: nyaya chanya za sabufa zote mbili huunganishwa pamoja, na nyaya hasi vivyo hivyo. Hapa ukinzani hugawanyika mara mbili. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2.

Njia ya pili ni mfululizo: hasi ya sabufa ya kwanza huunganishwa na chanya ya sabufa ya pili, halafu ncha mbili zilizosalia huenda kwenye amplifaya. Hapa ukinzani hujumlishwa. Sabufa zile zile za omu 4 sasa huwa omu 8.

Mambo hubadilika kidogo sabufa zinapokuwa na koili mbili kila moja. Sabufa za aina hii zinapatikana kwa wingi, na hutambulika kwa kuwa na sehemu nne za kufungia nyaya badala ya mbili. Mwenye jozi ya sabufa hizi huwa na koili nne za kupanga.

Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 4 kila moja, zikiunganishwa zote sambamba, huwa omu 1. Koili za kila sabufa zikiunganishwa kwa mfululizo, kila sabufa huwa omu 8. Kisha sabufa hizo mbili zikiunganishwa sambamba, jumla huwa omu 4. Zikiunganishwa zote kwa mfululizo huwa omu 16, kiasi ambacho hakina faida kwa amplifaya ya gari.

Msomaji azingatie kwamba katika hesabu hiyo hakuna omu 2. Jozi ya sabufa za koili mbili za omu 4 haiwezi kuwa omu 2, hata fundi awe stadi namna gani. Kwa hiyo mwenye amplifaya isiyostahimili chini ya omu 2 atalazimika kuiendesha jozi hiyo kwa omu 4, na huenda asipate hata nusu ya nguvu alizolipia.

Mtu huyo angenunua sabufa zenye koili mbili za omu 2 kila moja, hesabu ingekuwa tofauti. Koili za kila sabufa zikiunganishwa kwa mfululizo huwa omu 4, na sabufa zote mbili zikiunganishwa sambamba huwa omu 2 barabara. Sabufa ni za kampuni ile ile, ukubwa ule ule na pengine bei ile ile, lakini tofauti ya nambari moja kwenye katoni ndiyo inayoamua kama zitaoana na amplifaya au la.

Mtego mwingine umo katika amplifaya ya chaneli mbili. Mafundi wengi huziunganisha chaneli hizo ziwe moja ili kupata nguvu zaidi, mbinu inayofahamika kama kubriji. Amplifaya ikibrijiwa, kila chaneli huhisi nusu tu ya ukinzani uliopo. Amplifaya inayostahimili omu 2 kwa kila chaneli huhitaji basi omu 4 au zaidi inapobrijiwa. Anayeifungia sabufa mbili za omu 4 kwa njia sambamba, hali ameibriji, ameifanya kila chaneli ihisi omu 1. Hii ni mojawapo ya sababu za kawaida za amplifaya kuungua.

Wati za kweli na wati za katoni

Baada ya omu ndipo mnunuzi aulize kuhusu wati. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na usemi huo unaifaa sana biashara ya amplifaya. Si ajabu kukuta katoni iliyoandikwa wati 3,000 ilhali kilichomo hakiwezi kutoa hata wati 500.

Nambari hiyo kubwa huitwa wati za kilele, na hata inapokuwa ya kweli, ni nguvu inayopatikana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nambari yenye maana ni wati za kudumu, ambazo huandikwa kwa herufi RMS. Hizi ndizo amplifaya inazoweza kutoa mfululizo, na ndizo sabufa inazoweza kupokea bila koili yake kuungua. Linganisha RMS na RMS, kamwe usilinganishe kilele na RMS.

Ipo njia rahisi ya kumnasa muuzaji anayetia chumvi. Tazama fyuzi zilizo kwenye mwili wa amplifaya, ujumlishe ampea zake. Zidisha jumla hiyo kwa 14, ambazo takriban ndizo volti za gari injini inapokuwa ikinguruma. Jibu ni kiasi cha juu cha wati zinazoweza kuingia mfululizo bila fyuzi kukatika.

Zinazotoka ni chache kuliko zinazoingia, kwa sababu nyingine hupotea kama joto. Amplifaya za daraja la D, ambazo ndizo nyingi zilizoundwa mahususi kwa sabufa, hutoa takriban asilimia 80 ya umeme zinazopokea. Zile za daraja la AB hutoa kati ya asilimia 50 na 60 hivi.

Chukua amplifaya ya daraja la D yenye fyuzi moja ya ampea 40. Arubaini mara 14 ni wati 560. Asilimia 80 ya hizo ni wati 448. Hata kama katoni inadai wati 3,000, fyuzi imeshatoboa siri.

Jambo jingine ni kwamba wati za amplifaya hutegemea omu. Amplifaya moja inaweza kutoa wati 300 kwa omu 4, wati 500 kwa omu 2, na wati 800 kwa omu 1. Mnunuzi anayeuliza tu "ina wati ngapi?" hajauliza swali kamili. Swali kamili ni: "Ina wati ngapi za RMS kwa omu ambazo sabufa zangu zitakuwa nazo?"

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Mtu ana sabufa mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kupokea wati 300 za RMS na koili mbili za omu 4. Kwa pamoja zinahitaji takriban wati 600. Anaweza kutafuta amplifaya inayotoa wati 600 za RMS kwa omu 1, akaziunganisha koili zote sambamba. Au anaweza kutafuta inayotoa wati 600 kwa omu 4. Zote mbili zitamfaa, na nguvu zikiwa ni zile zile, umeme utagawanywa sawa kwa sabufa zote mbili maadamu zinafanana.

Sharti hilo la kufanana ni muhimu. Sabufa mbili zinazotumia chaneli moja zinafaa kuwa za muundo mmoja, ukubwa mmoja na omu sawa. Kuchanganya mpya na kuukuu ya aina nyingine ni kumbebesha mmoja mzigo wa mwenziwe.

Amplifaya dhaifu nayo huunguza

Wengi huamini kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuiunguza sabufa kubwa. Imani hiyo imewagharimu watu fedha nyingi.

Amplifaya inapolazimishwa kutoa sauti kupita uwezo wake, mawimbi ya umeme inayotoa hukatwa vichwa. Badala ya kupanda na kushuka kwa ulaini, wimbi hukwama juu, kisha likakwama chini. Wimbi lililokatwa hivyo huweza kubeba hadi karibu mara mbili ya nguvu za wimbi safi, na joto lote huishia katika koili. Dalili yake ni sauti ya kukwaruza isiyokuwamo katika wimbo wenyewe.

Chanzo cha hali hiyo mara nyingi ni kile kirungu kiitwacho geini. Wengi hudhani ni cha kuongeza sauti, wakakizungusha hadi mwisho. La hasha! Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu za mawimbi yanayotoka kwa redio ya gari.

Fundi makini hutumia multimita kukirekebisha. Kwanza huzifungua nyaya za sabufa kutoka kwa amplifaya, akazima viongeza besi vyote, na kupandisha sauti ya redio hadi robo tatu. Kisha hucheza mlio maalum wa hezi 50, huku akipima volti mbadala mahali pa kufungia spika.

Volti anazotafuta hupatikana kwa kuzidisha wati kwa omu, halafu kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa wati 600 na omu 1, kipeuo cha pili cha 600 ni volti 24.5 hivi. Kwa wati 600 na omu 4, kipeuo cha pili cha 2,400 ni takriban volti 49. Akifikia hapo, huacha kirungu hicho na kukisahau.

Aidha, chujio la sauti za juu huwekwa karibu na hezi 80 ili sabufa ziachiwe besi pekee. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba ngozi za sabufa zote mbili zinasukuma upande mmoja kwa wakati mmoja. Chanya na hasi zikibadilishwa kwenye sabufa moja, moja husukuma hewa huku nyingine ikivuta, nazo besi hufifia. Mwenye sabufa mbili zinazosikika dhaifu kuliko moja aanze kukagua hapo.

Umeme utatoka wapi?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali ndilo lenye hatari kubwa. Amplifaya haiundi umeme. Huuchukua kutoka kwa betri na alternata.

Amplifaya ya daraja la D inayotoa wati 600 huhitaji kupokea takriban wati 750. Ukigawanya kwa volti 14, utapata zaidi ya ampea 53. Ni kweli kwamba muziki hauhitaji kiasi hicho kila sekunde, lakini kila ngoma inapogonga umeme huo hudaiwa. Wakati huo huo alternata inapaswa kuhudumia taa, feni, kompyuta ya injini na kuijaza betri. Taa za mbele zikififia kila besi inapopiga, gari linalalamika.

Kuongeza betri ya pili hakutatui upungufu huo kwa safari ndefu. Betri ni ghala tu. Kama alternata haizalishi vya kutosha, maghala yote mawili yatakwisha.

Kisha kuna waya wa kutoka kwa betri hadi kwenye buti. Kwa amplifaya ya wati 600, waya wa shaba wa namba 4, wenye upana wa takriban milimita mraba 21, unatosha vyema. Waya wa namba 8 una milimita mraba 8 tu hivi. Kumbuka kwamba katika mfumo huu, namba ikiwa ndogo ndipo waya huwa mnene.

Mnunuzi ajihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Huuzwa kwa bei nafuu na kwa macho hufanana na shaba tupu, lakini alumini hupitisha umeme kwa kiwango cha karibu asilimia 60 tu ya shaba. Ukwangue kwa kisu: ndani ukiwa mweupe kama fedha, si shaba halisi.

Fyuzi kuu nayo haina mjadala. Inafaa kuwa karibu na betri, ndani ya sentimita 45, na ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Fyuzi hii hailindi amplifaya. Inalinda gari na waliomo. Waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari pasipo fyuzi, umeme wote wa betri hupita hapo, waya ukawa mwekundu kama kaa, na zulia likashika moto. Katika matatu iliyojaa abiria, huo si mzaha. Kuondoa fyuzi inayokatika kila mara na kutia kipande cha waya mahali pake ni kuukaribisha moto huo.

Waya hasi pia uwe mnene kama ule chanya, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Sauti ina mipaka

Anayetaka kuongeza wati maradufu ajue pia atakachopata. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu zinahitaji kuongezwa karibu mara kumi. Kutoka wati 500 hadi 600 ni tofauti isiyosikika. Afadhali fedha hizo zitumiwe kununua waya bora na sanduku lililoundwa kwa vipimo vinavyopendekezwa na mtengenezaji wa sabufa.

Masikio nayo hayana vipuri. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ni salama kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 95, wiki nzima imebakiwa na saa moja na robo. Dereva na utingo wanaoshinda ndani ya muziki huo tangu alfajiri hadi usiku ndio wanaoathirika kwanza, kabla ya abiria anayeshuka baada ya nusu saa.

Sheria pia ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinapiga marufuku kelele kubwa zisizo za lazima zinazowasumbua wengine.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, andika mambo machache kwenye karatasi: sabufa zako zina koili ngapi na za omu ngapi, zikiunganishwa zitakuwa omu ngapi, kila moja hupokea wati ngapi za RMS, amplifaya hutoa wati ngapi za RMS kwa omu hizo, fyuzi zake ni za ampea ngapi, na alternata ya gari lako huzalisha ampea ngapi. Kwa sabufa zilizotumika, pima kila koili kwa multimita: koili nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 hivi. Isiyosoma chochote imekatika.

Muuzaji mwaminifu hatakerwa na maswali hayo. Anayekerwa, na kukuonyesha tu nambari kubwa iliyo kwenye katoni, amekujibu tayari. Tahadhari kabla ya hatari.